Puli ya Milimita 103

Peine, Jumapili, 15 Januari 1978

Mwanangu Volkmar,

Kadi yako ya Krismasi imefika. Ina mistari minne. Niliigeuza nyuma nikidhani wa tano umejificha huko. Sisi hatujambo. Mama yako mgongo unamsumbua kwa baridi, na mimi vidole vimepasuka kwa vanishi ya kupaka nyaya kama kawaida ya majira haya. Kifua chako je? Mama anauliza unalala wapi, na kama hapo mahali pana joto. Amenisisitizia niandike hilo kwanza kabla ya mengine, kwa sababu anayajua mengine yenyewe.

Mengine ni haya. Uliondoka Jumatatu, tarehe 17 Oktoba, katikati ya msimu wa sukari. Viazi sukari vilikuwa vimelundikana hadi barabarani, na sakafuni mwa karakana yetu zilikuwepo mota kumi na moja za kiwanda, zote zimeungua, zote zikisubiri kusukwa waya upya. Mota kumi na moja, mikono miwili. Nilizimaliza kwa siku kumi na tisa. Siku ya kumi na mbili nililala nimeketi, waya wa shaba mkononi, na mama yako akanifunika koti palepale.

Silalamiki. Nakueleza tu. Nilifika mji huu mwaka 1946 na mkokoteni mmoja kutoka Silesia, nilikofukuzwa vita vilipoisha, nikaanza na jiliwa moja kwenye banda la kufulia nguo la watu. Hakuna aliyenishika mkono. Wewe una cheti cha ufundi chenye alama za juu kuliko changu, halafu unapiga kinanda kwenye bendi inayoitwa Granit, na wanaume watatu wenye nywele ndefu ambao nikiwaona kwa nyuma nawaamkia "shikamoo mama".

Hata hicho kinanda ni kigonjwa. Nilikuambia siku ile ulipokileta kutoka kanisa la kambi ya Wamarekani. Kimetengenezwa kwa umeme wa kwao, unaopiga mizunguko sitini kwa sekunde. Wa kwetu unapiga hamsini. Mota yake inafuata umeme kama askari anavyofuata ngoma, kwa hiyo inazunguka polepole. Ukibonyeza noti ya do inatoka noti ya la, ya chini. Nilisema nitakitibu, ukasema nakudharau. Basi wenzako wakalegeza nyuzi za magitaa ili wakifuate kinanda kigonjwa, na sasa bendi nzima inaumwa.

Mama anasema, "Alfons, mwandikie mtoto, usimwandikie ripoti." Haya. Vaa soksi mbili.

Baba yako


London, 12 Machi 1978

Mpendwa Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, kifua kinakohoa kidogo tu. Tunalala kwenye gari, lakini mwambie Mama tunalala hotelini. Soksi nimevaa.

Naandika leo kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia jambo hili. Tumepiga London mara tatu. Mara ya kwanza walikuja watu arobaini na mmoja. Mara ya pili kumi na wanne. Jana walikuwa tisa, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike. Najua unapenda hesabu, ndiyo hiyo.

Mwenye ukumbi, bwana mmoja mnene, mcheshi, alituita baada ya onyesho. Akasema, "Nyinyi Wajerumani mnapiga kama watu wanaoteremsha kabati ngazini." Rüdiger wetu, mwimbaji, akamjibu, "Angalau kabati letu linafika chini. Lenu limekwama tangu vita." Tukacheka wote, lakini yule bwana akaongeza maneno ambayo hayajanitoka. Alisema sauti yetu iko chini mno na ni nzito mno, na kwamba hakuna bendi iliyovuka bahari ikiwa imelegeza nyuzi hivyo. Tukaze nyuzi, tuwe kama watu wengine, la sivyo turudi Hannover tukapige harusini.

Baba, sisi tunataka kuvuka. Si Hannover wala Hamburg. Tunataka kusikika Amerika, kwenye kumbi ambazo ukisimama jukwaani huoni mtu wa mwisho. Hajo, mpiga gitaa wetu, ameacha shule ya ualimu kwa ajili hiyo. Mimi unajua nilichoacha.

Kwa hiyo nakuuliza: ile dawa ya kinanda, bado unaweza?

Mwanao,
Volkmar


Peine, Jumapili, 9 Aprili 1978

Mwanangu,

Tumeipokea barua yako tukiwa wazima. Mama yako aliisoma kwa sauti hadi pale pa gari na hoteli, kisha akaenda kukunja blanketi la sufu. Utalipata kwa posta.

Kama bado naweza? Nimesuka mota tangu kabla mama yako hajajua kwamba mimi nipo duniani. Naweza.

Dawa ni hii. Mota moja inavuta jenereta moja kwa mkanda unaopita juu ya magurudumu mawili ya puli. Ukiweka puli kubwa kwenye mota na ndogo kwenye jenereta, jenereta inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa mizunguko sitini badala ya hamsini. Kinanda kinakula chakula cha kwao, kinapona. Nimeshapata mota. Jenereta nimeitoa kwenye gari bovu la zimamoto. Puli nakereza mwenyewe.

Ili kupima ugonjwa vizuri ilinibidi nisikilize ile santuri yenu uliyomwachia mama yako. Ndiyo, nimeisikiliza. Niliazima kwa kiongozi wa kwaya uma wake wa sauti, kile chuma cha kupimia noti, nikaupiga kwenye meza na kulinganisha. Do yenu ni la, na hata la yenyewe imeshuka kidogo. Nilirudia mara nne kwa sababu ya kipimo. Mama yako anadai mara ya nne uma ulikuwa tayari mfukoni. Alikuwa jikoni, hakuona vizuri.

Kileteni kinanda mwezi wa Juni. Wiki moja inatosha. Nitawapikia wenzako kabeji na soseji, wale na nywele zao.

Baba yako


Hamburg, 18 Juni 1978

Mpendwa Baba,

Hamjambo? Mgongo wa Mama je? Blanketi limefika, tunalipokezana kwa zamu, na zamu ya Rüdiger huwa haiishi.

Baba, keti kwanza. Kuna barua imetoka Japani. Santuri yetu, ileile uliyoipima kwa uma, imeuzwa huko nakala elfu thelathini na moja. Hapa nyumbani hatukufikisha elfu mbili! Hakuna aliyetuambia. Vijana wa kule wanaipenda kwa sababu ya ule uzito. Wameandika, nakutafsiria neno kwa neno, kwamba hawajawahi kusikia bendi inayotoka chini ya ardhi namna hii.

Tumealikwa. Tokyo tarehe 5 na 6 Septemba, kisha Osaka tarehe 9. Onyesho la Osaka litarekodiwa lote. Kampuni ya Amerika imesema itasikiliza rekodi hiyo, hiyo tu, kisha iamue kama itatuchukua kwa safari ya miji ishirini na mitatu. Onyesho moja, Baba. Likienda vizuri tumevuka. Likiharibika, Hajo anarudi ualimu, na mimi sijui.

Kwa hiyo tafadhali usikiguse kinanda. Huo ugonjwa ndio sisi. Iache ile mashine yako. Samahani kwa kazi uliyokwisha fanya.

Rüdiger anasema, "Mwambie mzee amechelewa, mgonjwa ameshaolewa." Usikasirike.

Mwanao,
Volkmar


Peine, Jumapili, 27 Agosti 1978

Volkmar!

Natuma barua hii kwa ndege, kwenye hoteli yenu ya Tokyo. Isome yote. Usiiweke pamoja na nyingine. Sisi ni wazima, salamu nyingine baadaye.

Umeme wa Japani ni wa aina mbili. Sikosei, nimehakikisha. Zamani Tokyo walinunua mitambo yao ya kwanza kwetu Ujerumani, Osaka wakanunua Amerika, na hadi leo hawajaelewana. Tokyo ni hamsini. Osaka ni sitini. Mkiwa Tokyo kinanda kitaumwa kama kawaida yake na mtafurahi. Mkifika Osaka kitapona ghafla. Do itakuwa do. Magitaa yenu yatabaki chini, kinanda kitakuwa juu, na ule uzito mlioitiwa hautakuwepo. Siku ileile ya kurekodi.

Dawa ni mashine yangu, kwa kuigeuza. Tafuteni mota ya kawaida ya kule na jenereta ndogo. Safari hii puli ndogo inakaa kwenye mota na kubwa kwenye jenereta. Kwa vitabu ingekuwa 100 kwa 120. Msifuate vitabu. Mota ikibeba mzigo inachoka kidogo, haifiki mizunguko 1800 kwa dakika, inafika 1750. Kwa hiyo kwenye mota wekeni milimita 103. Mia na tatu. Kwenye jenereta 120. Piga hesabu mwenyewe: 1750 mara 103, gawanya kwa 120, unapata 1502. Inatakiwa 1500, ndiyo hamsini ya umeme. Sikio halitajua. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii.

Sasa jambo la pili, nalo ni zito kuliko puli. Habari hii niliipata tarehe 20 Julai. Alinieleza mhandisi wa kiwanda cha sukari, ambaye aliwahi kupeleka pampu Osaka. Nimekaa nayo wiki tano na siku tatu. Nilikuwa nimeifunika mashine yangu kwa turubai, nikawa naipita kila asubuhi, na nikajisemea: mwache aende akaone. Aliniacha na mota kumi na moja, naye aachwe na kinanda kimoja.

Mama yako aliuliza kwa nini sikujibu ya Juni. Nikasema nina kazi nyingi. Mwezi wa Agosti, Volkmar, wakati hata kiazi kimoja hakijang'olewa. Alinitazama, akaendelea kukata keki ya plamu. Kipande changu kilikuwa kidogo.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Mia na tatu, usisahau.

Baba yako


Osaka, Jumapili, 10 Septemba 1978

Mpendwa Baba, mpendwa Mama,

Mimi ni mzima. Mikono ina malengelenge, nitaeleza.

Kwanza nikiri. Barua yako niliipata Tokyo tarehe 4. Niliona mwandiko wako, nikaifungua, nikaona jina langu na alama ya mshangao, nikaikunja bila kuisoma, nikaitia ndani ya kifuniko cha kinanda. Humo zilikuwemo nyingine mbili, za mwanzoni mwa Machi, ambazo sikuwa nimezifungua. Nilijua zina nini. Mota kumi na moja.

Tokyo tulipiga vizuri sana. Watu walilia, Baba, na Knut mpiga ngoma alilia nao, ingawa anasema lilikuwa jasho. Jana saa nne asubuhi tukafunga vyombo Osaka kwa majaribio. Nikabonyeza kinanda. Kikapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Hajo akasema, "Umeketi juu ya nini wewe?" Tukajaribu kukaza nyuzi zifuate, zikakatika mbili. Tukaweka nyembamba, zikashika, lakini Rüdiger alipofika kwenye kiitikio sauti yake ikapasuka. Akasema, "Nikipanda huko tena nitahitaji ngazi." Ila kilichotutisha zaidi ni pale wimbo ulipokwenda bila kosa. Tulikuwa bendi nzuri tu, kama nyingine mia. Wale vijana wa mitambo ya kurekodi walitazamana. Onyesho lilikuwa saa moja jioni.

Nilifungua kinanda kutafuta kilichoharibika, barua zikaanguka. Rüdiger akaokota ya juu. Unajua huwa anazisoma zako kwa sauti kutuchekesha, anaiga hata kikohozi chako. Akapanda kwenye sanduku: "Sikilizeni, mzee anahesabu nini leo!" Akaanza, "Umeme wa Japani ni wa aina mbili…" Baada ya sentensi tatu akaacha kuiga. Akashuka. Akasoma hadi mwisho kwa sauti yake mwenyewe, hata pale pa wiki tano, kisha akanipa karatasi kwa mikono miwili.

Mkalimani wetu, Bi Tamura, alituongoza mitaa mitatu nyuma ya ukumbi, kwenye karakana ya Bwana Nakanishi. Baba, nilipovuka mlango nilinusa vanishi, nikasimama. Ilikuwa kwetu. Waya wa shaba umetundikwa vilevile, kwa unene, kutoka kushoto. Mzee ana miaka kama yako. Nikampa mchoro wako. Alivaa miwani. Alipofika kwenye 103 akakunja uso, akaandika 100 pembeni. Kisha akawasha mota yake moja, akaibebesha mzigo, akaweka kipima mizunguko. 1748. Akacheka peke yake, akafuta 100 yake, akaipigia 103 yako mistari miwili.

Puli alikereza yeye. Mota na jenereta nilizifunga mimi kwenye fremu, na mkanda niliuvuta mimi. Akawa anatazama vidole vyangu. Akauliza kupitia Bi Tamura kama aliyechora ana karakana. Nikasema ndiyo, ni baba yangu. Akauliza, "Na wewe mwenye mikono hii uko huku?" Bi Tamura alitafsiri polepole, halafu akatazama viatu vyake.

Saa kumi na mbili na nusu mashine ilikuwa kwenye ujia nyuma ya jukwaa, imezungushiwa magodoro. Nikabonyeza do. Ikatoka la, chini, nzito, gonjwa. Knut akalibusu kanyagio la ngoma yake.

Walikuwepo watu elfu mbili na mia saba. Wa mwisho sikumwona. Wimbo wa kwanza unaanza na kinanda peke yake, taratibu, na hapo katikati ya ukimya ukisikiliza vizuri unasikia mkanda: tif, tif, tif. Wenye mitambo wanataka kuufuta kwenye rekodi. Hajo amesema anayetaka kuufuta amfute yeye kwanza.

Zile barua nyingine mbili nimezisoma leo asubuhi. Wewe hukuandika wiki tano, mimi sikusoma miezi sita. Tusiulizane.

Mwanao,
Volkmar


Peine, Jumapili, 5 Novemba 1978

Mwanangu Volkmar,

Sisi wazima, mgongo wa mama yako umetulia, vidole vyangu vimeanza tena. Natumai malengelenge yamepona bila kutumbuliwa.

Kanda uliyotuma imefika Alhamisi, pamoja na habari kwamba Amerika wamekubali, miji ishirini na mitatu kuanzia Februari. Mama aliinua simu akampigia dada yake, na tangu hapo simu haijapoa. Mimi nilikwenda na kanda karakanani, nikafunga mlango, nikasikiliza.

Mkanda wa mashine yenu umelegea. Milimita mbili, si zaidi, upande wa jenereta. Unasikika mapema, kabla ngoma hazijaingia. Ulikuwa na haraka. Hata hivyo fundo la mwisho la kuunganishia mkanda umelifunga nilivyokufundisha, kwa sababu ungelifunga vingine mkanda ungeruka kwenye wimbo wa tatu, pale Knut anapopiga kama anavunja ukuta. Haukuruka. Niliusikiliza wimbo huo mara kadhaa. Uma sikuuchukua.

Mtumie Bwana Nakanishi salamu zangu. Mwandikie kwamba mimi nami kwa mara ya kwanza niliweka 100. Mwaka 1951. Iliniharibia pampu ya watu.

Sasa hesabu. Amerika nzima ni sitini. Miji ishirini na mitatu, yote sitini, kinanda kitapona kila mahali. Nimeondoa turubai na kuigeuza mashine yangu, nikakereza puli mpya. Ina uzito wa kilo sitini na nne pamoja na fremu. Mkanda mpya hulegea kila ukipata joto, kwa hiyo kila onyesho anahitajika mtu wa kuukaza kwa sikio, na huyo mtu hawezi kuwa anapiga kinanda wakati huohuo. Meli siiamini, ina unyevu. Msimu wa sukari unaisha wiki ya Krismasi. Januari na Februari karakana haina kazi ya maana.

Nataja tu.

Mama yako amesoma juu ya bega langu. Anasema, "Alfons, hiyo si hesabu, hiyo ni barua ya kuomba. Imalize kama watu." Sijui inamalizwaje.

Jana kiwanda kimeleta mzigo. Mota ni kumi na moja tena, ni kama wanazihesabu makusudi. Nimeshafungua mbili.

Baba yako


Hamburg, Jumatano, 8 Novemba 1978

Baba,

Salamu, sote wazima, naandika nikiwa nimesimama posta.

Usifungue ya tatu. Nitafika Jumatatu saa moja asubuhi. Nina wiki tano hadi mazoezi yaanze. Koti langu la kazi, kama Mama hajalifanya dekio, litundikwe mahali pake.

Orodha ya ndege ya Februari ina majina matano. Manne unayajua. La tano ameliandika Rüdiger mwenyewe, kwa herufi kubwa, na mbele yake, penye nafasi ya kutaja kazi, ameandika: MIA NA TATU. Anasema akikosea kukuiga utakuwepo umrekebishe.

Mota kumi na moja, mikono minne.

Mwanao